Jino la Baba mu wino ya Bungulu

Yaya Masika, mukubwa wangu,

Nakusalimia toka Beni, joto inanichoma, natamani baridi ya Butembo.

Jino yangu imezibwa. Docteur wa meno wa hapa mutaa wa Bungulu anasema dawa yake ya zamani ya kuziba ilikuwa inajikunja ikikauka, inaacha kanafasi, jino inaoza tena. Sasa iko na dawa mupya, resini, yenye inajikunja kidogo tu. Anaijaribu kwanza mu meno yenye aling'oaga batu: anaziba, analoweka mu wino nyekundu, halafu anaangalia kama wino imeingia.

Meno ilikuwa juu ya meza. Alipowasha kataa ka bluu ka kukausha resini mu kinywa yangu, jino moja ya pale mezani ikawaka nayo. Yaya, ilikuwa na alama ya misumari yenye Baba alikuwa anashika na meno akitengeneza viatu! Ni ile aling'olewaga hapa, tulitafuta nyumba muzima alipokufa, juu alisema tumuzike nayo.

“Hiyo?” docteur akasema. “Naloweka, narudilia. Wino inakataa kuingia.”

Nikaiomba, akaifunga mu pamba.

Usimwambie Mama bado. Nakuja nayo: chimba kashimo pembeni ya kaburi ya Baba, na unipikie sombe laini ya majani ya muhogo, juu kila nikishika hii pamba, jino yangu inauma.

Mudogo wako, Kavira