Kufuli la Geti

Mume wangu,

Salamu zako zimefika. Sisi tunasukuma siku. Paa la jikoni limeacha kuvuja.

Daktari amempima binti yetu. Anasema miguu yake haina nguvu, na maneno yake ni machache kwa mtoto wa miaka sita. "Acheze nje na wenzake, mama. Dawa nyingine sina." Basi nimefungua kufuli ulilofunga siku tuliyomzika kaka yake.

Watoto wa jirani wamejiwekea sheria: mpira ukienda barabarani, mtoto haufuati. Wananiita mimi.

Leo wameniita mara nne. Mara zote nimepita pale kaka yake alipogongwa na gari, nikauokota, nikarudi. Binti yetu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi bado.

Ukirudi, usiutafute ufunguo. Nimeutumbukiza chooni.

Mkeo