Mpira Usio na Mwenyewe

Kwako kitinda mimba wetu,

Salamu zako ni chache. Nyingi nimewawekea wanaonitakia mema.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua, na ngazi anazitukana moja moja. Mimi bado ni refa wa mpira wa kikapu. Jumamosi mpira uliponyoka, wasichana wawili wakaurukia pamoja, wakagongana, mmoja akang'oka jino. Kocha wake akanifokea, "Refa, huoni? Faulo hiyo!" Sikupuliza filimbi. Mpira ukiwa hauna mwenyewe, kila mtu ana haki ya kuukimbilia, na kugongana ni bahati mbaya tu.

Sasa Mama ananiambia nawe umekuwa refa. Eti yule mchumba wangu "hakuwa na mwenyewe", ndiyo maana mnaoana.

Mdogo wangu, mimi nilikuwa nimeshamshika kwa mikono miwili. Wewe ulinijia kwa nyuma, tena ukilala chumbani kwangu na kula nami sahani moja. Faulo hiyo hata kipofu angeipulizia filimbi.

Harusini siji. Aliyeangushwa haombwi kupiga makofi.

Ni mimi dada yako,
bado niko sakafuni.