Chatu Uliotuachia Wametotoa

Nyumbani, chumba cha nyuma ya saluni,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kazi inakwenda, na baridi ya huko imeanza kukuzoea, maana wewe sidhani kama utaizoea. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sikuhakikishii. Baba anaendelea vizuri tangu kile kiharusi. Anatembea hadi getini bila kushikwa. Mkono wa kulia bado unatetemeka, na maneno yanamtoka polepole, lakini yanatoka.

Barua yako niliipata. Kurasa nzima za joto, unyevu, na ukubwa wa panya wa kuwalisha chatu wako. Nikageuza ya mwisho nikidhani salamu za Baba ziko nyuma. Nyuma ulikuwa umechora sanduku lao.

Ulipoondoka ulisema hawa chatu ni wa jamii ya wadogo, hata wakikomaa hawazidi urefu wa mkono, hawana sumu wala makuu. Hilo ni kweli, sikudai. Lakini ulisema pia wote wawili ni madume. Mdogo wangu, mmoja wa madume yako ametaga.

Ngoja kwanza nikupe mkasa wa saluni. Baba aliacha kifuniko cha sanduku wazi, yule wa madoa ya kahawia akatoka, na kati ya sehemu zote za nyumba hii akachagua kapu langu la nywele za kusukia. Nilikuwa namsuka mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama asiyecheka na mtu. Nikamwomba anipe fungu moja la kahawia. Akaingiza mkono, akavuta, na fungu likajizungusha kwenye kidole chake. Hakupiga kelele. Alilirudisha kapuni taratibu, akasimama, akaniambia, "Nywele zako zina macho," akaondoka na nusu kichwa.

Kesho yake alikwenda kazini na kilemba, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Tangu hapo wateja waliobaki wanakaa wamepandisha miguu kwenye kiti kama watu wa mafuriko. Nikishika chanuo tu, wananiuliza kama nimelikagua.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwita yule bwana anayeuza samaki wa mapambo, aje awachukue wote, na sanduku lao na taa yao. Akaja na gari. Naingia chumbani kubeba sanduku, namkuta Baba ameketi mbele yake, mguu mbovu ameunyoosha kuziba njia.

"Baba, naomba nipite."

"Ameatamia."

"Nani ameatamia?"

"Huyo mnayemwita dume."

Nikachungulia. Kweli, amejiviringa juu ya mayai, ametulia tuli. Kumbe Baba alijua zamani. Mtu aliyeishi na lenzi jichoni akitengeneza saa za watu, wewe ulidhani hataona tofauti ya dume na jike? Aliona, akanyamaza, akawaacha pamoja makusudi, mimi niko mbele nasuka. Nimefanywa mjinga ndani ya nyumba ninayoisafisha mwenyewe.

Nilisema maneno. Nilimwambia mmenigeuza mlinzi wa wanyama, wewe uko mbali na yeye hana kazi. Alitafuta neno la kuanzia. Kisha akasema, "Saa siwezi tena. Hawa hawajali mkono ukitetemeka." Nikatoka nje, nikamwambia bwana wa samaki arudi siku nyingine.

Basi wametotoa. Mayai mengine yaliharibika, lakini wadogo watano wametoka, wembamba kama kamba za viatu, na kila mmoja ana hasira kunishinda mimi. Baba alinikatisha kazi nikaone pua ya kwanza ikitokeza kwenye ganda. Nilikwenda nimenuna, chanuo mkononi, na nilisimama pale mpaka mteja akaniita.

Hao wadogo wakianza kula vizuri, bwana wa samaki atawachukua. Baba amekubali, ingawa alimhoji kuliko alivyomhoji shemeji yako alipokuja kuniposa. Wakubwa wanabaki stoo, chini ya kufuli, na ufunguo nauvaa shingoni. Mwalimu mkuu amerudi kumaliziwa kichwa. Alikuja na nywele zake mwenyewe kwenye mfuko, akaupakata muda wote.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Siku walipototoa ulipiga simu. Kabla sijafungua mdomo kukueleza, Baba alinionyesha kwa mkono nimwachie. Asubuhi yote nilikuwa nimemsikia chumbani akijizoeza neno "wametotoa", maana ni gumu kwa ulimi wake wa sasa. Nikampa simu. Akaanza, "Wame... wame..." Nawe ukasema mtandao mbaya, ukakata.

Akanirudishia simu. "Mtandao mbaya," akasema.

Mtandao haukuwa mbaya. Mimi nilikuwa nimekusikia hadi ukimeza mate. Na yeye anajua, mdogo wangu. Hakuwasha redio jioni ile, na chakula alikirudisha kama kilivyokuja. Naelewa inakuuma kumsikia hivyo. Hata sisi ilituuma, na bado tunakaa naye mezani kila siku mpaka amalize sentensi yake.

Amenikataza nisikueleze kwamba wametotoa, anataka kukueleza mwenyewe. Nimemwasi kwa sababu nimekuchoka. Kwa hiyo ukipiga, usiniulize mimi chochote. Sema unamtaka Baba. Muulize chatu wanaendeleaje, kisha unyamaze, hata akichelewa namna gani. Na akikwambia wametotoa, ushangae.

Shemeji yako anakusalimu. Siku hizi anakung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Shangazi anakusalimu kutoka barazani, ndani haingii. Wapwa zako wanauliza utaleta nini.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na moyo wa kusubiri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika hivi.