Kizingiti Kipya, na Binti Asiyenisemesha

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, jambo ambalo nadhani ndilo, basi marahaba kabla hujaniamkia, naomba unisaidie ingawa mimi sijazoea kuomba msaada, mimi ndiye huombwa, mimi ni seremala na hapa mtaani ukiona mlango unafunga bila kelele ujue ni mkono wangu, kalamu ndiyo sina mazoea nayo, kwa hiyo mistari ikipinda nisamehe, mbao zangu hazipindi.

Nakaa nyumba aliyojenga babu yangu, nyumba ya kale, kuta nene hata simu haishiki mtandao mpaka utoke uani, na tangu enzi za babu wasafiri walikuwa wakilala hapa, wa miguu na mizigo yao kichwani, wanatua mzigo mlangoni, wanakanyaga kizingiti, wanaingia, sasa binti yangu mkubwa ameurudisha mtindo huo, anapokea wageni wa kulala, wanatoka mbali kuja kutazama ukale, na mimi sikukataa, nyumba ikachangamka, wajukuu wakapata watu wengine wa kuwachosha kwa maswali.

Kinachonichanganya ni kwamba wageni hawa hawapendi kitu kizima. Chumba nilichokipiga dari mpya hawakitaki, wanagombea kile chenye mlango mfupi, mtu anagonga kichwa anacheka, halafu anamwita mwenzake naye aje agonge, mshauri, watu wazima hawa, na akili zao!

Basi kizingiti cha mlango mkubwa kilikuwa kilekile cha babu, ubao mpana ambao mtu anaweza kuukalia, lakini katikati kimelika kwa miguu ya watu mpaka kimekuwa kama bakuli, na pembeni kimeng'aa kama kimepakwa mafuta, maana marehemu mama wa watoto wangu alikuwa akikaa pale asubuhi anachambua mboga na kuwauliza wageni habari za huko watokako, lakini hayo ni mengine, turudi kwenye ubao. Mgeni mmoja alijikwaa pale akamwaga chai, nikasema hapana, fundi gani anaishi na kizingiti kilicholika? Binti alipokwenda sokoni nikaking'oa, nikaweka kipya cha mbao ngumu, nimekipiga randa mpaka ukiweka yai juu yake linatulia, kingo zimenyooka, ungekiona hata wewe ungeniletea kazi.

Binti akarudi, akasimama na kapu mkononi.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekuondolea aibu."

"Nani alikwambia ni aibu?"

Akataka kukaa pale kama desturi yake, akainuka papo hapo, kingo zilikuwa kali. "Hata pa kukaa hukuniachia," akasema. Nikaenda mbio nikamletea kiti, kiti nilichokitengeneza mwenyewe, chenye mgongo na mikono, akakitazama, akaanza kulia. Nikamuuliza kiti kina nini, ndiyo akazidi.

Mchana akaja mgeni, mama mmoja mwenye kofia. "Babu, kile kizingiti cha kwenye picha niliyotumiwa kiko wapi?"

"Ndicho hiki, mama, kanyaga bila wasiwasi."

"Cha zamani je?"

"Kilikuwa kibovu."

Akanishika mkono. "Pole sana, babu." Pole ya nini? Mtu amepata kizingiti kipya anapewa pole kama amefiwa!

Tangu hapo binti hanisemeshi, akitaka kitu anamtuma mjukuu, "Mwambie babu yako chakula tayari," na mimi nipo palepale namsikia. Juzi nimemsikia akimwambia mumewe, ambaye kazi yake iko mji mwingine, kwamba wageni hatapokea tena, atamfuata huko na watoto wote. Waende tu, mimi nilijua kujipikia kabla yeye hajazaliwa, ila nyumba hii ina vyumba vingi, mshauri, na mtu mmoja hawezi kulala vyote.

Kile cha zamani kiko nyuma ya banda la kuku, nimekifunika turubai kisinyeshewe, siku moja nitakipasua kiwe kuni. Nieleze basi, kosa langu ni nini? Kazi nimeifanya vizuri, uliza mtu yeyote.

Ni mimi,
Seremala Asiye na Mpinzani

JIBU

Shikamoo, fundi. Marahaba yako uliitanguliza, kwa hiyo tuingie kazini.

Sina ubishi na randa yako. Kazi ni nzuri, ila hakuna aliyekuagiza. Unamngojea binti atoke ndiyo ung'oe? Mbona hukung'oa yupo? Ulijua atakuzuia, mzee wangu, usinifanye mtoto.

Unauliza kosa ni nini na jibu umeliandika mwenyewe, halafu ukasema turudi kwenye ubao. Hatukuwa tumeuacha. Binti yako hakulilia mbao, alilia kwa sababu kila asubuhi alikuwa akikaa alipokaa mama yake, na siku hiyo akapakosa. Wewe ukamletea kiti! Najua ulikimbia kwa huruma, wala sikucheki. Lakini yule mgeni mwenye kofia, ambaye hakumjua mkeo, alikupa pole, na wewe ukashangaa.

Na hebu nieleze na mimi. Kuni gani zinazofunikwa turubai?

Sikiliza sasa. Leo, siyo siku moja, katoe kile kizingiti nyuma ya banda. Usimtume mjukuu kwa mama yake, nenda mwenyewe, mwambie, "Mwanangu, nimekosea, njoo unishikie upande wa pili." Maneno hayo hayataua mtu. Mrudishie bakuli lake mahali pake, kizingiti ukiimarishe kwa chini asijikwae mtu, na juu usiguse hata kwa msasa. Hapo ndipo nitaamini huna mpinzani, fundi akifanya kazi isionekane. Kile kipya kipeleke mlango wa jikoni, na kuanzia leo hakuna kinachong'olewa humo kabla binti hajaulizwa.

Akikubali kubaki, usijisifu. Kesho asubuhi mwachie mwanao pale palipong'aa, wewe kaa kando yake, ubao ni mpana, umesema mwenyewe. Na mgeni akitokea, muulize habari za huko atokako.