Kitovu cha Mjukuu Wako

Mama,

Mjukuu wako amefika. Wa kiume, kilo tatu na kidogo, pua yako kabisa, ile iliyobonyea katikati. Ulibakiza miezi miwili tu umshike. Najua kifo hakimuombi mtu ruhusa, lakini nilikukasirikia kidogo, nikuambie ukweli.

Kitovu chake nimekilinda. Nesi wa kliniki alinikataza kupaka kitu, si mafuta wala majivu, akasema kiachwe kikauke chenyewe. Wewe ungebishana naye hadi foleni nzima iwageukie. Mie nilimsikiliza, ila na la kwako sikuliacha. Kila nikimbadilisha nepi nilimfunika mbele kwa kitambaa, maana ulikuwaga unasema, "Kikimdondokea huko, siku moja mkweo atakuja kukuuliza mumewe ana nini." Najua nesi angenicheka. Nilimfunika hivyo hivyo.

Siku ya saba kikadondoka salama, kwenye mkunjo wa kanga. Nikakizungushia pamba, nikakitia kwenye kiboksi cha kiberiti, nikakificha chini ya godoro upande wangu. Ishu ikaanzia hapo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Masasi kuniuguza uzazi. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Kanikanda na maji ya moto, kanipikia uji wa pilipili manga, nguo za mtoto kafua yeye. Ila aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba arobaini ya mtoto ikiisha ataondoka na kitovu akakizike kwao, shambani kwenye mikorosho. Sie hapa Mbagala ni wapangaji, akasema, na ua wenyewe una sakafu mpaka getini. Mume wangu akawa anaangalia simu. Na alichosema mama mkwe kilikuwa kweli.

Mie nilitaka kizikwe nyumbani kwako Mtoni, nyuma ya jiko, vilipo vyetu sote watano. Nilitaka mtoto akiulizwa kwao wapi, akutaje wewe. Lakini kuna jambo hulijui, na naona aibu kukuandikia. Mie na kaka Shabani tulikuwa hatusemeshani. Alimwaga zege ua wako wote wa nyuma, anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha, na kisomo chako cha arobaini hata hakijafika. Siku ya kisomo nikamwambia mbele za watu kwamba amekuzika mara mbili. Alichukua kofia yake akatoka.

Unanijua mdomo wangu, mama.

Kwa hiyo siku zote nilizofungiwa ndani na mtoto nilikuwa nawaza hilo tu. Nimpigie simu kaka, nitaanzia wapi? Nisipompigia, kitovu kinakwenda Masasi. Mara mbili nilishika simu nikairudisha chini ya mto. Siku ya kutoka nje ikafika, na mama mkwe keshakata tiketi, basi lake linaondoka Mbezi Luis kesho yake alfajiri. Nikaona sasa basi, aibu yangu niimeze. Nikamweleza mama mkwe yote: ua, zege, na yale maneno niliyosema. Alikuwa anakunja nguo zake. Akanitazama, akaufunga mkoba, akasema, "Twende tukamsalimie."

Mtoni, kaka alifungua mlango mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia. Nikamwonyesha kile kiboksi, nikalia pale pale kizingitini na mtoto begani. Aliingia ndani akarudi na nyundo na tindo.

Hakupima, mama. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya ukuta wa jiko, akapiga magoti na ile suruali yake ya kazini, akaanza kulivunja zege lake mwenyewe. Nikamuuliza amepajuaje. Mie nilidhani unapajua wewe peke yako, na umeshaondoka na siri yako.

Akajibu bila kunitazama, "Shimo lako nililichimba mie. Mama alikuwa bado hawezi kuinama."

Kumbe wakati namtolea yale maneno, alijua alichokifunika kuliko mie. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Nikamwomba radhi palepale, mbele ya mkwe wangu, kama nilivyomtukana mbele za watu. Akasema yameisha, nimsogezee ndoo ya udongo.

Mama mkwe ndiye aliyekiweka kitovu, kwa mkono wake. Alikisomea dua, akafukia, akapapiga kidogo kwa kiganja. Kando ya ukuta palikuwa na mfuko wa saruji uliobaki. Nikamwambia kaka aizibe tu ile sehemu, wapangaji wake wasije wakajikwaa.

"Watazoea," akasema.

Amepaacha wazi mpaka leo, udongo mtupu, ukubwa wa sinia.

Nakuaga, mama, mtoto kaamka anataka kunyonya. Nakuahidi haya: nikiwa na neno na kaka nitamfuata chumbani, sitamwambia mbele za watu. Na mwanangu akianza kusimama dede, atasimamia pale. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Pumzika, tunasemeshana sasa.

Mwanao,
Mwajuma