Picha Iliyokatwa Mkia

Bwiza, Bujumbura
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mke wangu Mwajuma,

Assalaam alaykum, wewe na huyo uliyempakata. Mgongo umepoa? Maziwa yanatoka vizuri? Usinifiche, maana nakujua, hata homa ikikulaza utasema ni uchovu tu. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hauko sawa, na sababu nitakueleza mwenyewe, ingawa kaka yako Idi lazima ameshakueleza kwa namna yake.

Huku hali ni ileile. Asubuhi soko linajaa, watu wanabishana bei kama kawaida, jioni kila mtu anawahi kwake kabla ya saa ya kutotembea. Milio ya bunduki milimani tunaisikia tukiwa tunakula, na tunaendelea kula. Boti za kuja huko Kigoma leo zinaondoka, kesho zinakatazwa, na barabara ndiyo usiseme. Nilikuaga kwa miezi mitatu tu ya kujifunza kompyuta, tumbo lako halijaanza hata kuonekana. Basi, njia zikafungwa nikiwa huku, ndiyo hivyo.

Siku Idi aliponiandikia kwa kompyuta ya ofisini kwake kwamba umejifungua salama, mtoto wa kike, nilimkumbatia mteja aliyekuja kutoa fotokopi. Akaniambia amempiga mtoto picha kwa kamera ya ofisi, na anaituma. Akaniambia pia umeagiza nimtazame usoni. Kama ni sura ya mama yangu, niseme, siku ya saba apewe jina lake, Zainabu. Nikikaa kimya, mjomba wako atachagua. Siwezi kumlaumu mtu, kwa sababu sharti hilo ni langu. Ni mimi niliyekwambia pale mlangoni kwenu kwamba jina la marehemu mama silitoi kwa mtoto ambaye sijaiona sura yake. Nilijiona mwanaume mwenye msimamo.

Picha ikafika kwenye duka la intaneti la jirani, maana letu halina mtandao. Nikaiweka kwenye disketi, nikakimbia nayo kazini, kwenye duka letu la kuchapa barua za watu, hapa wanaliita sekretaria. Faili limeandikwa “Mtoto wa Hamisi”, basi, halina zaidi. Kulibofya, mashine ikaniuliza nataka kulifungua kwa programu gani. Sasa mimi, kila ninachochapa hapa, barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, mwisho wake ni nukta na doc. Nikaona jina halijakamilika, nikaongeza doc. Likafunguka kweli. Kurasa nzima za madudu, viboksi, alama za kuuliza, herufi ambazo hata Mzungu hazijui. Nikasema picha imeharibika njiani.

Nikamwandikia Idi atume tena. Akatuma, jina lilelile, madudu yaleyale. Nikaliita “Picha”, nikaliita “Picha ya Mtoto”, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, na kila mara doc yangu nyuma. Kuuliza niliona haya. Nyote huko mnajua mimi ni fundi wa kompyuta, na aliyewaambia ni nani kama si mimi? Kila siku nikasema kesho litafunguka. Ilipobaki siku moja nikaamua liwalo na liwe, niandike neno moja tu, Zainabu, nitume. Siku hiyo mizinga ikaanza alfajiri, Bwiza yote ikafunga milango, umeme ukakatika, simu haikushika. Nilishinda chini ya kitanda, disketi iko mfukoni mwa shati.

Maduka yalipofunguliwa nikakuta ujumbe wa Idi. Mjomba amemsomea dua, mtoto anaitwa Rehema, nyama ya akika imeliwa. Nilikuwa nabadilisha jina la faili asubuhi na jioni, na mwanangu amelala huko anangoja lake.

Patroni wangu, mwenye duka, Mzee Nasoro, wa ukoo wa Waarabu wa hapa Bwiza tangu zamani, akaniona nimeinamia mashine sichapi. Akauliza ni nini. Ndipo nikamwambia yote. Akavuta kiti, akafuta ile doc.

“We Hamisi, iyi apana barua, iyi ni foto,” akasema. “Nani alikata mukia yake?”

Akaandika nukta, halafu jpg. Kumbe kila faili lina mkia, zile herufi baada ya nukta. Doc ni maandishi, jpg ni picha, wav ni sauti. Mashine haichungulii ndani, inasoma mkia, ndipo inaita programu ya kulifungua. Idi alipoliandika jina upya aliufuta mkia, mimi nikambandikia mtoto wangu mkia wa barua. Unalikumbuka kopo la maziwa ya unga ambalo mama yako anawekea chumvi? Siku ile nilijaza chumvi kwenye chai mbele ya wajomba zako wote. Nje limeandikwa maziwa, na ndani chumvi inabaki kuwa chumvi. Ni hivyohivyo. Mwambie Idi akibadilisha jina la faili aache herufi za mwisho kama alivyozikuta.

Picha ikafunguka, Mwajuma. Paji la uso lile, kidevu kile, sikio la kushoto limekunjika juu. Ni mama. Ni Zainabu mtupu. Nililia palepale, Mzee Nasoro akawaomba wateja wasubiri nje.

Sikuandikii ili mbadilishe kitu. Jina lenye dua siligusi, na mjomba wako hana kosa, aliningoja mpaka siku yenyewe. Kinachoniuma ni kwamba wewe ndiye uliyemuuguza mama yangu mpaka mwisho. Uso wake unaujua kuliko mimi. Ulipompakata tu ulishajua, ukanyamaza ukingoja neno langu, kwa sababu nilisema lazima nione kwa macho yangu. Nisamehe, mke wangu. Ningekuuliza wewe, nisingehitaji picha.

Nisalimie mama mkwe, mwambie chumvi yake nimeikumbuka. Mjomba wako aliyempa mwanetu jina nampa shikamoo na shukrani. Dada yangu anayekusaidia kumwogesha mtoto asichoke, boti zikitulia nitakuja. Barua hii nimempa mfanyabiashara wa mawese anayejaribu kuvuka wiki hii, mpe chai.

Faili nimelipa jina lake sasa, Rehema, nukta, jpg. Nawe nikuombe kitu kimoja. Siku mkibaki wawili tu, hakuna mtu wa kusikia, mwite Zainabu mara moja. Uone kama atageuka. Halafu endelea na Rehema.

Ni mimi mumeo,
Baba Rehema