Niliosha Blaindi, Sikuomba Nyumba

Dada Jovina,

Nakusihi, haya ninayokuandikia yaishie kwako. Usimwambie Mama, kama mmeshaonana huko. Unamjua, atamwambia Bibi, na Bibi hakuwahi kuficha neno hata alipokuwa hai. Nikimaliza kuandika nitaichoma karatasi hii kwenye jiko la mkaa, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuituma.

Dada, wanataka niingie mahali pako. Kesho tunaanua matanga. Baada ya chakula wazee wa pande zote mbili watakaa sebuleni, waniulize mbele ya watu kama nakubali kubaki na Baba Neema, niwe mke wake, nilee wanao. Wanasema wataniuliza, lakini hapa nyumbani kila mtu anaamini nimeshajibu. Wanasema nilijibu siku ile nilipoosha blaindi zako.

Unakumbuka zilivyokuwa Baba Neema alipozileta kutoka Kigoma? Vibao vile vya plastiki vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na mtaa mzima hapa Kasulu ulikuja kuvuta kamba uone vinavyofunga na kufunguka. Yule mama Mkongo wa Nyarugusu anayepitisha vitenge aliziita rido za mabosi, yaani mapazia ya wakubwa, akataka kujua umeolewa na mkuu wa wilaya au na muuza maharage. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu zikaanza kubadilika. Za sebuleni zilishika moshi wa jikoni, na kila kiangazi vumbi jekundu la barabarani likalala juu ya moshi. Za chumbani kwako ziliunguzwa na jua la mchana. Kila Jumamosi ulivaa soksi kuukuu ya Baba Neema mkononi, ukapitisha kibao kimoja kimoja, na soksi hiyo uliifanya izungumze na Neema: "Nimemkamata vumbi. Mwite mama mdogo, karani wa mahakama, afungue kesi." Ulikuwa unasema ukipata nafasi utazishusha zote uzioshe. Nafasi hukuipata. Presha ilikuangusha jikoni kabla hata maharage hayajaiva.

Baada ya kukuzika nilishindwa kukaa. Wenzangu walikaa kwenye mikeka wakilia na kunyamaza na kulia tena, na mimi machozi hayakutoka. Nilikuwa natazama madirisha tu. Nikafikiri, watu wanaingia nyumbani kwa dada yangu na kuona uchafu, watasema Jovina hakuwa msafi. Hilo ndilo lililonisukuma, Dada, na hakukuwa na lingine.

Nikapanda kwenye stuli nikazishusha. Nilizifuta kwanza zikiwa kavu, kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu vumbi likilowa linageuka tope. Nikazilaza juu ya turubai uani, kwenye kivuli. Nikachanganya maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na magadi soda kidogo, nikasugua kwa sponji, na kwenye kamba nikatumia mswaki. Pale penye mafuta ya jikoni nilipaka siki. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni ananitazama. Akaniletea ndoo ya maji bila kuombwa, kisha akaleta na chupa ya klorini, akaniambia nimimine ndiyo zing'ae. Nikamkatalia. Nikamweleza kwamba klorini ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu, na kwamba hata ikiwa peke yake plastiki ya namna hii inakuwa ngumu na kukatika. Siku ile nilimkatalia Shangazi bila sauti kutetemeka. Sijui nguvu ile ilikwenda wapi.

Za sebuleni zilitakata. Ungeziona! Zile za chumbani kwako zilibaki na umanjano kwa upande wa nje. Manjano ya moshi yanatoka, lakini ya jua hayatoki, maana ni plastiki yenyewe iliyoungua. Nilihakikisha upande huo unatazama barabara tena na ule mweupe unatazama kitanda. Jioni nikazirudisha zote mahali pake. Nilipofunga ndoano ya mwisho ya dirisha lako, Shangazi alipiga kigelegele. Kimoja tu, kifupi, katika nyumba ya msiba. Wanawake wakanyanyua vichwa, kisha wakatazamana. Nilidhani anasifia weupe.

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Shangazi alinikabidhi funguo za stoo. Majirani wakawa wananiuliza mimi kama chumvi ipo. Lakini kilichonitia hofu hasa ni Baba Neema. Unajua alivyokuwa akinitania: "Karani, leo umefunga wangapi? Shemeji yako umemwachia dhamana?" Utani wake haukuwahi kukatika hata siku niliyofeli mahojiano ya kazi ya kwanza. Sasa akirudi ananisalimia kwa heshima, macho chini, anavua viatu mlangoni. Shemeji hamheshimu shemeji hivyo, Dada. Alipoacha kunitania ndipo nilipojua kuna jambo limeamuliwa.

Nikamuuliza Shangazi tukiwa tunachambua mchele. Akaniambia kwamba kwa ukoo wetu kule Munanila, dirisha la chumba cha mama mwenye nyumba aliyefariki haliguswi mpaka matanga yaishe. Anayelisafisha kabla ya hapo ndiye anayeomba kuingia. Mimi ningejulia wapi? Mama alipofariki walinibakiza shule ya bweni kwa ajili ya mitihani, nikaja kuonyeshwa kaburi likiwa limeshaota majani. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia nilisafisha tu. Akatabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye aibu.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "mtu haoshi dirisha la nyumba asiyoitaka."

Kisha akaongeza neno lililonifunga kabisa. Alisema umemjia ndotoni umevaa kitenge chako cha kijani, ukamwambia nimefanya vizuri, watoto wako wasilelewe na mgeni.

Ni kweli, Dada? Ulisema?

Mimi kazi yangu ni kuita majina ya watu mahakamani. Nasimama mlangoni naita mara tatu, sauti yangu inafika mpaka kwenye mti wanaposubiria. Najua sheria inasema nini juu ya ndoa isiyo na ridhaa, nimeisikia ikisomwa mara nyingi. Nimewatazama wasichana wa Makere na Kitanga wakisimama mbele ya hakimu wakisema hawataki, na nikajiuliza kwa nini walichelewa kusema. Sasa nimejua. Angekuwa mtu aliye hai ningebishana naye. Lakini hapa aliyenisemea ni wewe, na wewe siwezi kukuita mlangoni mara tatu.

Leo mchana nilimfuata Baba Neema. Alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni za kesho. Nilisimama mbali kidogo, nikamwambia kwamba kesho nitakataa, na nimeona aibu asikie kwanza mbele ya wazee. Aliweka shoka chini.

"Mimi nilidhani ni wewe uliyetaka," akasema. "Uliosha dirisha. Nikaogopa kukukataa, ungeaibika."

Dada, nusura nicheke. Watu wawili katika nyumba moja, hakuna anayetaka, kila mmoja anamwogopea mwenzake. Nikamwambia basi kesho tuseme wote wawili, yatakwisha. Akatikisa kichwa. Akasema ya kwangu ni rahisi, mimi ni mtu wa kusoma. Lakini Shangazi ameota, na yeye mumeo hajawahi kukukatalia jambo ulipokuwa hai, hawezi kuanza sasa. Akiulizwa atasema ndiyo. Akaokota shoka akaendelea na kuni, na niliona analia, maana alikuwa akipiga pembeni ya gogo.

Kwa hiyo kesho nitakuwa peke yangu. Wazee wameshaanza kufika, wamekaa uani na bakora zao. Geti lina watu, jikoni kuna watu. Neema ananishika sketi kila ninapopita, anauliza kama nitakuwa naitwa mama mdogo au mama tu. Mdogo wake, Baraka, halali mpaka nimbebe. Hawa ndio wanaonifunga kuliko wazee, na Shangazi analijua hilo, ndiyo maana kila nikikaa chini ananiwekea Baraka mapajani.

Lakini nitasema hapana. Nimejizoeza bafuni, maji yakiwa yanamwagika wasinisikie. Baada ya hapo sitaweza kulala tena chini ya paa hili. Kazini wameniambia Kibondo kuna nafasi ya karani, na Jumatatu nitaikubali.

Nakuahidi hivi. Kila likizo watoto watakuja kwangu Kibondo, na kila mwisho wa mwezi nitakuja kuwaona huku, nikipokewa au nikifungiwa geti. Sitakuwa mgeni kwao. Nitabaki mama mdogo, kama ulivyoniacha. Na wewe pumzika, dada yangu. Samahani kwamba sikulia siku ile. Nalia sasa, wino unasambaa.

Nimebakiza jambo moja. Kama hukumtokea Shangazi, usihangaike, kaa na Mama. Lakini kama ni kweli ulisema, na ndivyo utakavyo, usipitie kwa mtu mwingine. Njoo kwangu mwenyewe kabla ya kesho asubuhi. Chumbani kwako Shangazi ndiye anayelala, usiingie huko. Pita mlango wa uani, wazee watakuwa wamelala upande wa geti. Chumba changu ni kile cha mwisho, karibu na tenki la maji, na leo sitatia komeo. Neema yuko upande wa ukutani na Baraka yuko katikati, kwa hiyo shika mguu wangu, ule wa nje. Niite Eda, kama ulivyokuwa ukiniita. Usiniite jina lingine lolote.

Usingizi wangu siku hizi ni mwepesi. Ukija nitasikia. Usipokuja, nitajua hukusema.

Mdogo wako,
Eda